Yongbyon: gramu 90 za plutoniamu na makubaliano ya 1994 yaliyoachwa yafe

MLETA MADA

Wanajukwaa, salaam.

Kila suala la nyuklia ya Korea Kaskazini linapoguswa humu, mjadala hugawanyika pande mbili mapema sana: wapo wanaosema Marekani imelionea taifa dogo, na wapo wanaosema Pyongyang haikuwahi hata siku moja kukusudia kutimiza neno lake. Naomba tuziweke kando hukumu hizo kwa muda, tuyafuate matukio kwa mpangilio wake, kwa sababu mimi naamini kwamba kati ya 1994 na 2002 yalikuwepo makubaliano ya Marekani na Korea Kaskazini yaliyofanya kazi, pamoja na kasoro zake zote, na kwamba yalikufa kwa kukosa watu wa kuyatunza kisiasa kuliko kwa udhaifu wa wakaguzi.

Korea Kaskazini ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, NPT, tarehe 12 Desemba 1985, kwa msukumo wa Umoja wa Kisovyeti, uliokuwa umeahidi kuijengea vinu vya umeme. Mkataba huo unaitaka kila nchi isiyo na silaha hizo iwe na makubaliano ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, ndani ya miezi 18. Miezi hiyo ikapita, ikaongezwa mingine, nayo ikapita. Pyongyang ilishikilia kwamba haiwezi kufungua milango yake ilhali silaha za nyuklia za Marekani zimewekwa Korea Kusini. Mwaka 1991 Rais George Bush alitangaza kuziondoa silaha za aina hiyo zilizokuwa ng'ambo, Korea mbili zikakubaliana juu ya tamko la pamoja la kuiweka rasi yote bila nyuklia, na hatimaye makubaliano ya ukaguzi yakasainiwa tarehe 30 Januari 1992. Hapo tayari kuna funzo ambalo wengi hulipita haraka: mlango ulifunguka pale upande wa pili nao ulipotoa kitu.

Mwezi Mei 1992 Korea Kaskazini iliwasilisha tamko lake la awali, yaani orodha ya vifaa na mali ghafi yote ya nyuklia iliyo nayo. Ilisema kwamba imewahi kutenganisha plutoniamu mara moja tu, mwaka 1990, kutoka kwenye fimbo chache za fueli zilizoharibika, na kwamba ilipata takriban gramu 90. Kiasi hicho ni kidogo mno. IAEA huhesabu kilo 8 za plutoniamu kuwa ndizo zinazotosha kutengenezea bomu moja.

Sasa sikilizeni namna tamko hilo lilivyoporomoka, maana hapa ndipo kiini cha suala zima. Wakaguzi walipofika Yongbyon, kituo kikuu cha nyuklia cha nchi hiyo, walichukua vipimo kwa kupangusa vumbi kwenye mitambo ya kutenganishia plutoniamu, wakachukua pia sampuli za plutoniamu yenyewe na za taka zake. Plutoniamu ina aina mojawapo, plutoniamu-241, ambayo kadiri muda unavyokwenda hugeuka kidogo kidogo kuwa amerisiamu. Inapotenganishwa kiwandani, amerisiamu huondolewa, kisha huanza kujikusanya upya. Ukipima uwiano wa vitu hivyo viwili unaweza kujua ni mwaka gani kazi ya kutenganisha ilifanyika. Vipimo vya maabara vikaonyesha kwamba kazi hiyo ilifanyika 1989, 1990 na 1991, wala si mara moja. Zaidi ya hapo, uwiano wa isotopu, yaani aina mbalimbali za plutoniamu, katika taka haukulingana na ule wa plutoniamu iliyowasilishwa. Ni sawa na mwenye duka anayesema alipokea mzigo mmoja tu, ilhali risiti za mzigo huo na makasha yaliyobaki nyuma ya duka havifanani. Hakuna aliyeweza kusema ni kiasi gani kilichofichwa, kama ni gramu au kilo, lakini ilikuwa wazi kwamba hesabu haijakamilika.

Kulikuwa na maeneo mawili ambako, kwa dhana ya wakaguzi, taka za kazi hiyo zilihifadhiwa. Pyongyang ilisema ni maeneo ya kijeshi yasiyohusika na nyuklia. Mwezi Februari 1993 Bodi ya Magavana ya IAEA mjini Vienna ilionyeshwa picha za satelaiti za Marekani, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, zikionyesha jinsi moja ya maeneo hayo lilivyofukiwa na kufichwa. Mkurugenzi Mkuu Hans Blix akaomba ukaguzi maalumu, na Bodi ikamuunga mkono. Jibu lilikuja tarehe 12 Machi 1993: Korea Kaskazini ilitangaza kwamba inajitoa katika NPT.

Tarehe 1 Aprili Bodi iliamua kwamba nchi hiyo imekiuka makubaliano ya ukaguzi, ikalipeleka suala kwa Baraza la Usalama. Baraza likapitisha azimio namba 825 mwezi Mei kwa kura 13, China na Pakistan zikijizuia kupiga kura, azimio lililoomba zaidi kuliko kuamuru. Kazi halisi ikahamia New York, ambako Robert Gallucci wa Marekani na Kang Sok Ju wa Korea Kaskazini walikaa mezani. Tarehe 11 Juni 1993, siku moja kabla ya kujitoa kuanza kutumika kisheria, Pyongyang ilisimamisha uamuzi wake. Ikumbukeni siku hiyo moja, kwa sababu itarudi miaka kumi baadaye.

Mwaka uliofuata mambo yaliharibika tena. Mwezi Mei 1994 Korea Kaskazini ilianza kuzitoa fimbo takriban 8,000 za fueli kutoka kwenye kinu chake cha megawati 5 bila kuwaruhusu wakaguzi kuchagua na kutenga fimbo walizozihitaji. Wengine hulieleza tukio hili kama utovu wa nidhamu tu. Uzito wake ulikuwa mwingine. Kinu hicho kiliwahi kuzimwa kwa zaidi ya miezi miwili mwaka 1989, na swali kubwa lilikuwa kama fueli yote ilibadilishwa wakati huo. Fimbo zilizotolewa kwa mpangilio, kila moja ikijulikana ilikaa wapi ndani ya kinu, zingeweza kupimwa na kutoa jibu. Zilipotolewa haraka na kuchanganywa, ushahidi wa kihistoria ukapotea kwenye bwawa la maji. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa imeandaa mpango wa kuishambulia Yongbyon, na vita vilikuwa karibu kuliko watu wengi wanavyofahamu, mpaka Rais mstaafu Jimmy Carter alipokwenda Pyongyang katikati ya Juni na kukutana na kiongozi wa nchi hiyo, Kim Il Sung. Kim alifariki tarehe 8 Julai, lakini njia ilikuwa imeshafunguliwa, na tarehe 21 Oktoba 1994 makubaliano yakasainiwa Geneva.

Yalisema nini? Kinu cha megawati 5, mtambo wa kutenganisha plutoniamu, na vinu viwili vikubwa vilivyokuwa vikijengwa, cha megawati 50 na cha megawati 200, vyote visimamishwe chini ya macho ya IAEA. Zile fimbo 8,000 zifungiwe kwenye makopo maalumu na kuwekewa lakiri. Kwa upande wa pili, Korea Kaskazini ipewe vinu viwili vya umeme vya maji mepesi, ambavyo ni vigumu zaidi kuvitumia kupata plutoniamu ya mabomu, vyenye jumla ya megawati takriban 2,000, lengo likiwa mwaka 2003, na hadi hapo ipewe tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka. Swali la zile gramu 90 likaahirishwa: ukaguzi kamili wa mambo ya zamani ungefanyika pale sehemu kubwa ya vinu vipya itakapokuwa imejengwa, kabla vipuri muhimu vya nyuklia havijaletwa.

Kuahirisha huko ndiko kulikolaumiwa sana. Mimi naona ilikuwa biashara ya busara. Ndani ya fimbo zile mlikuwa na plutoniamu ya kutosha mabomu kama manne hadi sita, na vinu viwili vikubwa vingekamilika vingezalisha ya makumi ya mabomu. Walichagua kuufunga mlango wa kesho kabla ya kumaliza hesabu ya jana, na kwa miaka minane lakiri zile hazikuvunjwa.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo ya kina, lakini naona umeruka jambo zito. Katika miaka hiyo hiyo minane unayoisifu, Korea Kaskazini ilikuwa ikinunua vifaa vya kurutubisha urani, ambayo ni njia ya pili ya kupata mali ghafi ya bomu, kwa siri kupitia mtandao wa mwanasayansi Abdul Qadeer Khan wa Pakistan. Mtu anayekufungia mlango wa mbele huku akitoboa ukuta wa nyuma, waweza vipi kusema makubaliano naye yalikuwa yakifanya kazi? Nadhani Washington ilikuwa na haki ya kuyaacha.

MLETA MADA

Ndugu yangu wa Mombasa, hoja yako ni ya haki na sitaikwepa. Ni kweli mtandao wa Khan uliwapatia mashinepewa, yaani mashine za kurutubisha urani kwa kuizungusha kwa kasi kubwa, na ni kweli hilo lilivunja roho ya makubaliano ya Geneva, na lilivunja pia tamko la Korea mbili, ambalo lilikataza waziwazi kurutubisha urani. Siwatetei.

Ninachouliza ni hiki: mwezi Oktoba 2002, mjumbe wa Marekani James Kelly alipokwenda Pyongyang na kuwakabili kwa taarifa hizo, ni hatari ipi iliyokuwa karibu zaidi? Urani ilikuwa bado ni mradi wa mashine zilizohitaji miaka ya kuunganishwa. Plutoniamu ilikuwa tayari, ndani ya makopo, ikilindwa kwa lakiri za IAEA. Mwezi Novemba shirika la KEDO, lililoundwa 1995 kutekeleza makubaliano hayo, likasimamisha shehena za mafuta mazito. Mwezi Desemba Korea Kaskazini ikazing'oa lakiri, ikazifunika kamera, na wakaguzi wakaondoka siku ya mwisho ya mwaka. Tarehe 10 Januari 2003 ikatangaza kujitoa NPT, na badala ya kusubiri miezi mitatu inayotakiwa na mkataba, ikadai kwamba ilikuwa imebakisha siku moja tu tangu 1993. Ndiyo ile siku niliyowaomba muikumbuke. Mwezi Januari 2004 mwanasayansi Siegfried Hecker alipelekwa Yongbyon akaonyeshwa bwawa la fueli likiwa tupu.

Kwa hiyo ili kuadhibu udanganyifu wa urani, ambao ungeweza kubishaniwa mezani, dunia iliipoteza plutoniamu ambayo tayari ilikuwa mkononi mwa wakaguzi. Na tuseme pia ukweli kuhusu upande wa pili. Majuma machache baada ya kusaini Geneva, chama cha Republican kilishinda uchaguzi wa Bunge la Marekani, na kuanzia hapo fedha za mafuta zilikuwa za kubembelezwa kila mwaka na shehena zilichelewa mara kwa mara. Vinu vilivyolengwa 2003 vilimwagiwa zege la kwanza Agosti 2002. Makubaliano yale hayakuwa mkataba ulioridhiwa na Seneti. Yaliishi kwa utashi wa serikali iliyoyasaini, na serikali iliyofuata haikuyapenda. Sisemi kwamba kuchelewa huko ndiko kulikowafanya Wakorea wanunue mashinepewa. Nasema pande zote mbili zilikuwa zimejiwekea njia ya kutokea, na hiyo ndiyo kasoro ya kweli ya Geneva.

MCHANGIAJI, ARUSHA

Mkuu, mbona Afrika Kusini iliweza? Wao walikuwa na mabomu kamili, si gramu 90, na bado IAEA ilimaliza kazi bila vikwazo wala vitisho vya vita. Inaonekana tatizo si mfumo wa ukaguzi.

MLETA MADA

Umegusa mfano bora kuliko yote, na ni wa bara letu wenyewe.

Afrika Kusini ilijiunga na NPT mwezi Julai 1991 ikiwa tayari imeshavunja silaha zake kwa siri, na tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk akalieleza Bunge kwamba nchi ilikuwa imetengeneza mabomu sita na la saba lilikuwa halijakamilika. Tazameni tarehe hiyo: ni siku 12 tu baada ya Pyongyang kutangaza kujitoa. Blix alikuwa na nchi mbili mkononi kwa wakati mmoja, moja ikifungua madaftari na nyingine ikifukia taka.

Hata hivyo kazi ya Afrika Kusini haikuwa nyepesi. Wakaguzi walilazimika kuhesabu ni kiasi gani cha urani iliyorutubishwa kilizalishwa na mtambo wa Valindaba tangu uanze kufanya kazi, wakifuatilia kumbukumbu za uendeshaji za kila siku, na mwanzoni hesabu haikukaa sawa. Ilibidi wachimbe zaidi, wahoji waliowahi kufanya kazi pale, wakague hata mashimo ya majaribio yaliyochimbwa jangwani Kalahari na kuhakikisha yamefanywa yasiweze kutumika. Serikali iliwapa ruhusa ya kwenda popote, wakati wowote, hata kwenye maeneo ambayo sheria haikuwalazimisha kuyafungua.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Daftari lenye mapengo si ushahidi wa udanganyifu. Mtambo wowote wa viwandani una upotevu na makosa ya hesabu. Kinachowapa wakaguzi imani ni namna nchi inavyojibu pengo linapoonekana. Afrika Kusini ilikuwa inaelekea kwenye utawala mpya, adui wake wa mpakani ametoweka baada ya Wakuba kuondoka Angola, na haikuwa na haja tena ya silaha hizo. Korea Kaskazini ya 1993 ilikuwa imempoteza mlinzi wake, Umoja wa Kisovyeti, na China ilikuwa imeanzisha uhusiano na Seoul mwaka uliotangulia. Mkaguzi yuleyule, vifaa vilevile, matokeo mawili.

Niongeze kwamba misukosuko ya Iraq na Korea Kaskazini ndiyo iliyoifanya IAEA mwaka 1997 kupitisha Itifaki ya Ziada, inayowapa wakaguzi haki ya kupata taarifa nyingi zaidi, kufika maeneo yasiyotangazwa na kuchukua sampuli za mazingira. Mataifa yenye madini ya urani, na Tanzania yetu yenye urani kule Mto Mkuju wilayani Namtumbo ni mojawapo, yana sababu ya kuielewa itifaki hiyo vizuri.

MCHANGIAJI, DAR ES SALAAM

Naomba kuongezea kumbukumbu moja ambayo vijana wengi hawaijui. Korea Kaskazini ilipofanya jaribio lake la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006, Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama kwa kipindi cha 2005 na 2006, pamoja na Ghana na Congo-Brazzaville kwa upande wa Afrika. Azimio namba 1718 lililoweka vikwazo lilipitishwa siku tano baadaye kwa kauli moja, maana yake kura yetu imo. Kwa hiyo si mambo ya wengine tunayoyatazama kwa mbali. Swali langu ni moja: kwa hali ilivyo sasa, kuna lolote la kuzungumza, au tukubali tu kwamba wana silaha?

MLETA MADA

Asante sana kwa kumbukumbu hiyo. Swali lako ni gumu, nami nitalijibu kwa kuonyesha kitu kimoja kinachojirudia.

Katika mazungumzo ya pande sita, yaani Korea mbili, Marekani, China, Japani na Urusi, tamko la pamoja la tarehe 19 Septemba 2005 lilikuwa zuri kwa maandishi, lakini siku hizo hizo Wizara ya Fedha ya Marekani iliichukulia hatua benki ya Banco Delta Asia ya Macau, na dola takriban milioni 25 za Wakorea zikazuiliwa, mazungumzo yakakwama zaidi ya mwaka, na katikati yake likaja jaribio la 2006. Yalipofufuka, mnara wa kupozea wa Yongbyon ulilipuliwa mbele ya kamera mwezi Juni 2008 na Marekani ikapewa maelfu ya kurasa za kumbukumbu za uendeshaji. Mnajua kilichoyavunja mwishoni mwa mwaka huo? Utaratibu wa uhakiki, na hasa kuchukua sampuli. Pyongyang ilikuwa tayari kuonyesha majengo na kutoa karatasi, lakini ilikataa kuruhusu vumbi lipanguswe na kupelekwa maabara. Walikumbuka vizuri sana yaliyowapata 1992. Mwezi Aprili 2009 wakaguzi wakafukuzwa na hawajarudi mpaka leo. Mwaka uliofuata Hecker alionyeshwa ukumbi wa mashinepewa alizoambiwa kuwa ni 2,000.

Hanoi, Februari 2019, Kim Jong Un alitaka kutoa Yongbyon ili vikwazo vizito viondolewe, na Donald Trump akataka na maeneo mengine yaliyo nje ya Yongbyon. Wakaachana bila kusaini chochote. Tangu hapo mambo yamekuwa magumu zaidi: mwaka 2022 Pyongyang iliandika hadhi yake ya nyuklia katika sheria, na Machi 2024 Urusi ilitumia kura ya turufu kulizuia jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa lililokuwa likifuatilia utekelezaji wa vikwazo.

Kwa hiyo sioni uwezekano wa kuanza na tamko kamili la kila bomu na kila gramu. Ukidai hilo kwanza, hutapata mkutano wa pili. Ningeanza pale Geneva ilipoanzia, yaani kusimamisha uzalishaji chini ya wakaguzi waliopo palepale, kwanza Yongbyon na kisha vituo vya kurutubisha urani vilivyo kwingine, kwa malipo yanayotoka hatua kwa hatua na yanayoweza kusitishwa hatua kwa hatua pia, ili upande mmojawapo ukikosea isilazimike kuangusha nyumba nzima kama ilivyokuwa 2002. Suala la sampuli ningeliandika siku ya kwanza kabisa: nani atachukua, wapi, na maabara zipi zitapima, hata kama utekelezaji wake utakubaliwa uanze miaka kadhaa baadaye. IAEA iliunda timu maalumu ya Korea Kaskazini mwaka 2017, na Vienna imekuwa ikisema kila mwaka kwamba iko tayari kurudi. Kinachokosekana ni ruhusa ya Pyongyang, na ruhusa hiyo ina bei ambayo miji mikuu miwili mitatu haijakubali kuijadili.